Asilimia tisa au moja na nusu? Gharama za mfuko wa pensheni mbele ya wabunge

SWALI: Mtaalamu, salamu. Mimi ni mwalimu, nachangia mfuko wa hifadhi ya jamii mwaka wa 19 sasa. Juzi nilifuatilia kamati ya bunge ikiuhoji uongozi wa mfuko wetu. Mbunge mmoja alisema gharama za uendeshaji zimefika asilimia 9 ya michango, watumishi wamejaa kupita kiasi, na nusu yao waondolewe. Mkurugenzi akajibu kwamba gharama ni asilimia 1.5 tu, tena chini ya ukomo unaoruhusiwa. Kikao kikaendelea kama vile wamekubaliana. Nani kati yao anadanganya? Na hiyo nusu ikiondolewa, pensheni yangu itaongezeka?

JIBU: Mwalimu, inawezekana kabisa hakuna aliyedanganya. Mbunge kagawa gharama kwa michango ya mwaka. Mkurugenzi kagawa gharama zilezile kwa mali yote ya mfuko: dhamana za serikali, hisa, majengo, amana za benki. Ukitaka kuhakikisha, chukua 9 ugawe kwa 1.5. Unapata 6. Maana yake mfuko wenu umelimbikiza mali inayolingana na michango ya miaka sita hivi, jambo la kawaida kwa mfuko ambao wastaafu wake bado ni wachache. Fungua hesabu za mwaka zilizokaguliwa. Ukikuta uwiano huo, basi wote wawili walikuwa wakisoma ukurasa mmoja, kila mtu na mstari wake.

Mfano ninaoupenda katika hili ni wa zamani. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria ya hifadhi ya jamii Agosti 1935, lakini pensheni za kila mwezi zilianza kulipwa Januari 1940. Hundi ya kwanza, ya dola 22.54, ilimwendea Ida May Fuller wa Vermont, mstaafu aliyekuwa katibu katika ofisi ya mawakili. Mwaka huo mfuko ulikusanya michango ya dola milioni 325, ukalipa mafao ya dola milioni 35, ukatumia dola milioni 26 kujiendesha, na ukafunga mwaka ukiwa na akiba ya dola milioni 2,031. Sasa zigawe hizo milioni 26 utakavyo. Kwa michango ni asilimia 8. Kwa akiba ni asilimia 1.3. Kwa mafao ni asilimia 74! Mwanasiasa mwenye hasira angeweza kusimama na kusema kwamba kwa kila dola anayopewa mzee, ofisi inajitengea senti 74, na hesabu yake isingekuwa na kosa hata moja. Leo mfumo huohuo unatumia karibu nusu ya asilimia moja tu ya matumizi yake yote katika uendeshaji. Watumishi hawakugeuka wachapakazi mara mia moja na hamsini. Ni wastaafu walioongezeka.

Mfuko huanza kugharimu siku ya kwanza na huanza kulipa miaka mingi baadaye. Lazima uandikishe wanachama, umfungulie kila mmoja akaunti, umfuate kila mwajiri, utunze kumbukumbu zitakazohitajika mtu akishazeeka. Kwa hiyo anayepima gharama za mfuko mchanga kwa mafao anauonea, na anayepima mfuko mkongwe kwa mafao anaupendelea. Kipimo cha mali nacho kina kasoro ambayo wakurugenzi wanaijua vizuri: mali hukua yenyewe. Thamani ya majengo ikipandishwa na mthamini, asilimia ya gharama inashuka bila mtu yeyote kubana matumizi.

Nasema hivi kwa sababu nimekaa upande wa pili wa ile meza. Kwa miaka kadhaa kazi yangu katika mfuko mmoja, ambao sitautaja, ilikuwa kuandaa majibu ya hoja za ukaguzi kabla uongozi haujaitwa kamatini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwaka mmoja gharama zilipanda sana, na agizo tulilopewa lilikuwa fupi: tafuteni namba kubwa kuliko zote, mgawanye kwa hiyo. Tukagawa kwa mali. Mwaka uliofuata soko la hisa likaanguka, mali ikapungua, tukahamia kwenye mapato yote, yaani michango pamoja na faida ya uwekezaji. Hakuna mjumbe aliyeuliza kwa nini kipimo kimebadilika. Ingekuwa mimi ni mbunge, kabla sijauliza lolote lingine ningedai gharama za miaka kumi kwa kipimo kimoja, kwenye karatasi moja.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo linalokuhusu mfukoni.

Kwanza jua mfuko wako ni wa aina gani. Kama pensheni yako inatokana na kikokotoo, yaani mshahara wako na miaka uliyochangia vikizidishwa kwa kiwango kilichoandikwa kwenye sheria, basi kupunguza watumishi hakukuongezei hata senti. Kinachookolewa kinabaki mfukoni na kuuimarisha, jambo ambalo lina manufaa, ila hutaliona kwenye hati yako ya malipo. Kama mfuko wako ni wa akiba binafsi, ambapo unalipwa ulichoweka pamoja na riba, basi gharama zinakugusa moja kwa moja, na zinakugusa sana. Fanya hesabu hii: mtu anaweka kiasi kilekile kila mwaka kwa miaka 40, na fedha zinazaa asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei. Mwingine anaweka vilevile, lakini mfuko wake unakata asilimia 1 ya salio kila mwaka, hivyo anabaki na asilimia 3. Mwisho wa safari huyu wa pili anakuwa na pungufu ya karibu moja ya tano, yaani moja ya tano ya akiba yake imeyeyuka. Asilimia moja ya mali kila mwaka si kidogo hata kama inatamkwa kwa sauti ya upole.

Turudi kwenye nusu ya watumishi. Sijui mishahara ni sehemu gani ya zile 9 za mfuko wenu, kwa hiyo nichukue mfano wa kubuni: kati ya kila 100 inayochangwa, 9 zinaendesha ofisi, na katika hizo 5 ni mishahara. Ukiondoa nusu ya watu umeokoa 2.5, kabla hujalipa kiinua mgongo cha unaowaondoa. Upande wa pili, tuseme mwajiri mmoja katika kila kumi anakata mchango kwenye mshahara wa mfanyakazi na hauwasilishi. Hapo mfuko unapoteza karibu 10 katika kila 100 iliyostahili kuingia. Anayeifuata hiyo 10 ni mkaguzi wa waajiri, mwenye pikipiki na jalada mkononi. Naye ni mtumishi. Ukikata nusu kwa msumeno mmoja, yeye anaondoka pamoja na afisa aliyekaa makao makuu akisubiri semina.

Ndiyo maana swali la "watumishi wangapi" ni dhaifu kama halifuatwi na "wako wapi, na wanafanya nini". Ikama ya mfuko, yaani orodha ya nafasi za watumishi, ikisomwa kwa idara inasimulia mengi. Ukikuta idara ya rasilimali watu, uhusiano, utawala na usafirishaji kwa pamoja zina watu wengi kuliko idara ya mafao na idara ya ukaguzi wa waajiri, hapo mbunge ana haki ya kupandisha sauti. Ukikuta kinyume chake, angalau jumla isimtishe.

Kuna jambo lingine ambalo kamati hulisahau: kazi isiyofanyika ina gharama, ila gharama hiyo haina fungu kwenye bajeti. Uingereza ilijifunza hili kwa aibu. Mwaka 2021 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya huko ilikadiria kwamba wastaafu wapatao 134,000, wengi wao wanawake, walikuwa wamepunjwa pensheni ya serikali kwa jumla ya zaidi ya pauni bilioni 1, na makosa mengine yalianzia mwaka 1985. Hakuna aliyeiba. Kanuni zilikuwa na mafundo mengi, mfumo wa kompyuta ulikuwa wa mwaka 1988, na mabadiliko mengi, kama vile mume kustaafu au kufariki, yalitegemea mtumishi akumbuke kufungua jalada la mke na kulikokotoa upya kwa mkono. Kosa dogo hapa, dogo pale, kwa miaka 36. Kamati ya bunge ya hesabu za serikali ililivalia njuga suala hilo mwanzoni mwa 2022, na marekebisho yenyewe yalihitaji kuajiri mamia ya watu wa kupekua majalada. Katika miaka hiyo yote, ripoti za gharama zilionekana safi kabisa.

Australia ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 2015 serikali iliamua kuondoa macho ya binadamu katika kuhakiki mapato ya wapokeaji wa mafao. Zamani mtumishi alikuwa akipiga simu kwa mwajiri kuuliza. Mfumo mpya ukachukua pato la mwaka lililopo mamlaka ya kodi, ukaligawa kwa 26 ili kupata pato la kila wiki mbili, kisha ukamwandikia mtu barua ya deni. Aliyefanya kazi miezi sita na kukosa kazi miezi sita alionekana tapeli. Bajeti ilionyesha akiba kubwa, na bunge likaipitisha. Madeni ya zaidi ya dola za Australia bilioni 1.7 yalidaiwa kinyume cha sheria kwa watu zaidi ya 400,000. Serikali ikalazimika kurudisha fedha, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Catherine Holmes ikatoa ripoti Julai 2023 iliyouita mpango huo katili na usio wa haki. Wajumbe wa kamati yenu wakisikia mkurugenzi akiahidi kwamba "mfumo wa kidijitali" utafuta nafasi mia kadhaa, waulize nani atapokea simu ya mtu ambaye mfumo umemkosea.

Marekani nayo ilianza jaribio lake. Mapema 2025 ofisi yake ya hifadhi ya jamii ilitangaza kushusha idadi ya watumishi kutoka 57,000 hadi 50,000, huku ikiwahudumia watu zaidi ya milioni 70 kila mwezi. Haikuwa mara ya kwanza. Katikati ya miaka ya 1980 ilianza kupunguza nafasi 17,000. Sisemi kila nafasi iliyofutwa ilikuwa na kazi. Nasema tu kwamba mwaka 2017 foleni ya watu wanaosubiri rufaa zao za mafao ya ulemavu kusikilizwa ilipita milioni moja, na wastani wa kusubiri ulikaribia siku 600. Foleni kama hiyo ndiyo ya kuwekwa mezani pembeni ya hesabu za mishahara. Bila hiyo, kamati inaona nusu ya mizani.

Usinielewe vibaya nikaonekana wakili wa wakurugenzi. Ubadhirifu upo, tena mara nyingi unakaa mahali ambapo hesabu ya vichwa haifiki. Chile ilibinafsisha pensheni mwaka 1981, kampuni zikashindana kuvuta wanachama. Mawakala wa kuwarubuni watu wahame kampuni moja kwenda nyingine waliongezeka kutoka kama 3,500 mwaka 1990 hadi zaidi ya 15,000 katikati ya muongo huo. Mwanachama alihama akapewa zawadi, wakala akapata kamisheni, na gharama ikarudi kwenye ada anazolipa mwanachama yuleyule. Mafao hayakuboreka kwa wao kuhamahama. Hadi 1997 msimamizi wa sekta alipobana kanuni za kuhama ndipo jeshi lile lilipoanza kupungua. Hapo ndipo nusu ingeweza kuondolewa bila mstaafu hata mmoja kugundua.

Katika mifuko ya umma ujanja huwa wa aina nyingine. Kamati ikikaza kamba kwenye mishahara, watu wanahamishiwa mkataba wa kampuni ya nje, na gharama inatokea kwenye fungu la "huduma za kitaalamu". Idadi ya watumishi imeshuka, fedha iliyotoka imepanda, na jibu la bungeni linapendeza. Gharama za majengo ya kupangisha, mawakala wa hisa na washauri wa uwekezaji mara nyingi hukatwa kwanza kwenye faida, kisha faida inaripotiwa ikiwa safi, kwa hiyo hazionekani kabisa kwenye gharama za uendeshaji. Jengo linaloingiza kodi ya asilimia 2 ya thamani yake wakati dhamana za serikali zinatoa mara kadhaa ya hapo ni gharama kubwa kuliko mishahara ya tawi zima, lakini nani kaliita gharama? Mimi, nikipewa dakika kumi tu na uongozi wa mfuko, dakika nane ningezitumia kwenye majengo na washauri.

Huenda pia unajiuliza kama wabunge wana haki ya kuingilia fedha ambazo si kodi bali ni michango ya wanachama. Wanayo. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 unaipa serikali dhamana ya jumla juu ya uendeshaji mzuri wa mfumo, na unasema kwamba pale ambapo mfuko hauendeshwi na idara inayowajibika kwa bunge au taasisi inayosimamiwa na mamlaka za umma, wawakilishi wa wanachama lazima washiriki kwenye uongozi au washirikishwe kama washauri. Kwa maneno mengine, lazima awepo mtu wa kuhoji. Marekani ina utaratibu wa ajabu kidogo: fedha za uendeshaji zinatoka kwenye michango, lakini bunge ndilo linaloweka kila mwaka ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa kutumika. Ofisi inaweza kuwa na matrilioni ya akiba na bado ikakosa ruhusa ya kujaza nafasi iliyo wazi.

Mchezo huo ni wa tangu mwanzo. Agosti 1935, chini ya wiki mbili baada ya sheria kutiwa saini, seneta Huey Long wa Louisiana alisimama kuzungumza bila kukaa mpaka kikao cha bunge kikafungwa, na mswada wa fedha uliobeba bajeti ya bodi mpya ukafa hapohapo. Hakuwa na ugomvi na pensheni. Alikuwa akipigania bei ya pamba na ngano. Bodi ikaanza na watumishi na fedha za kuazima kutoka ofisi nyingine, na uandikishaji wa wanachama ukaja kufanywa kupitia ofisi za posta, kwa sababu yenyewe haikuwa na matawi ya kutosha. Wazo la posta lilikuwa zuri, nakiri. Lakini halikuwa sera ya kubana matumizi.

Sasa wewe ufanye nini? Mwandikie mbunge wako kabla ripoti ya kamati haijasomwa, na usimwombe apunguze watumishi wala asipunguze. Mwombe aulize mambo ambayo hayajibiwi kwa asilimia moja. Mstaafu anasubiri siku ngapi tangu apeleke jalada hadi alipwe, na anayesubiri kuliko wote anasubiri siku ngapi? Wastani peke yake huficha mateso. Kati ya mafao yaliyolipwa mwaka jana, mangapi yalirudiwa kukokotolewa kwa sababu yalikosewa? Waajiri wanadaiwa malimbikizo ya kiasi gani, na kila mkaguzi mmoja alikusanya kiasi gani? Nililiona jibu la swali hili la mwisho mara moja tu katika miaka yangu yote. Kila mkaguzi alikuwa akirudisha mara nyingi zaidi ya mshahara wake, na katika mwaka huohuo nafasi za wakaguzi ndizo zilizogandishwa, kwa kuwa ndizo zilizokuwa wazi.

Na aulizie akaunti ya michango isiyo na mwenyewe. Karibu kila mfuko unayo: fedha ziliwasilishwa na mwajiri, lakini jina limekosewa herufi au namba ya uanachama haisomeki, kwa hiyo hazikuingizwa kwa mtu yeyote. Kwenye hesabu za mfuko ni mali, tena inasaidia kushusha ile asilimia ya mkurugenzi. Kuzisafisha kunahitaji makarani, kukaa na daftari za waajiri mstari kwa mstari.

Wakati unasubiri majibu, omba taarifa yako ya michango ya miaka yote 19, uiweke pembeni ya hati zako za mshahara, uanze na miezi uliyohamishwa kituo. Huko ndiko mapengo hutokea mara nyingi zaidi.